Maziwe kwa siku moja: mwongozo kwa watu wawili wanaotoka Tanga mjini

Maswali ni yaleyale kila msimu. "Tukifika Pangani saa 5 tutapata boti?" "Kisiwani kuna hoteli?" "Choo kipo?" "Jumamosi hii panafaa?" Wanaouliza ni wachumba, wanandoa wapya, na mara nyingi watu waliooana siku nyingi wanaotafuta siku moja ya kukaa wenyewe, watoto wamebaki kwa bibi. Majibu yote nimeyaweka hapa kwa mpangilio wa safari yenyewe, ili mkishasoma mkae chini mpange bila kumsumbua mtu.

Jambo moja lazima mlielewe kwanza, maana mengine yote yanatoka humo. Maziwe ni fungu la mchanga mweupe lililozungukwa na matumbawe, kama kilomita 8 baharini kutoka ufukwe wa Ushongo, wilayani Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walipanda kutaga kwa wingi. Bahari ikala mchanga, miti ikaanguka mmoja mmoja, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakusalia hata mti. Leo maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakijaa, mchanga wote huzama na mtu anayepita na boti haoni kitu ila maji ya rangi ya samawati hafifu. Kwa hiyo haitoshi kujua mnakwenda wapi. Lazima muende saa ambazo kisiwa kipo.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanapanga kwa wikendi, kwa siku ya kuzaliwa, kwa likizo ya kazini, kisha wanafika wanakuta maji. Nahodha hana la kufanya, na siku imekwisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ile ya ukutani yenye tarehe mbili kila siku. Kama nyumbani hamna, ulizeni jirani au angalieni kwenye simu.
- Namba ya simu ya nahodha, au ya ofisi ya utalii ya Pangani, au ya hoteli mojawapo ya Ushongo inayopeleka watu Maziwe.
- Kitambulisho kwa kila mmoja. Mtanzania hulipa kiingilio cha chini sana kuliko mgeni wa nje, lakini lazima aonyeshe kuwa ni Mtanzania.
- Pesa taslimu za noti ndogondogo, pamoja na salio la kutosha kwenye simu kwa malipo ya serikali.
- Maji ya kunywa, lita 3 kwa kila mtu. Kisiwani hakuna kisima, hakuna duka, hakuna anayeuza madafu.
- Chakula kikavu kisichochacha kwa joto.
- Kivuli: turubai dogo au shuka pana, kamba, na fimbo 4 za urefu wa mtu. Mwavuli usibebe, upepo utauchukua.
- Kofia, miwani ya jua, mafuta ya kuzuia jua, na shati la mikono mirefu la kuogelea nalo.
- Kanga mbili au tatu. Kanga ni taulo, ni kivuli, ni nguo ya kupitia kijijini.
- Miwani ya kuzamia na mrija wake, kama nahodha hana.
- Viatu vya mpira vinavyoshika mguu. Ndala hazifai, zinabaki mchangani.
- Dawa ya kuzuia kichefuchefu kwa anayelewa bahari.
- Ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye mfuniko unaokaza.

Hiyo ndoo watu huidharau, nami naitetea. Boti ndogo hurusha maji, na begi la mgongoni hulowa lote, simu, nguo kavu na chapati pamoja. Ndoo yenye mfuniko hailowi ndani, haipeperuki, mnaikalia ufukweni, na wakati wa kurudi inabeba takataka zenu.

Hatua ya 1: Chagueni siku kwa mwezi

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na yanapwa sana. Katikati ya hapo, karibu na mwezi 7 au 8 (yaani tarehe 7 au 8 ya Kiislamu) na tena mwezi 22 au 23, ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana.

Kwa Maziwe mnataka bamvua, na sababu ni mbili. Ya kwanza, mchanga hutoka wote, mpana, mnaweza kutembea mbali. Ya pili ni bahati ya pwani hii: siku za bamvua maji hupwa katikati ya mchana wa safari. Mwezi 14 au 15, maji huwa yamepwa kabisa karibu saa 4:30 asubuhi. Kila siku inayofuata kupwa kunasogea mbele kama dakika 40 hadi 50. Kwa hiyo mwezi 17 au 18 maji yanapwa karibu saa 6 mchana. Mwezi 1 na 2 ni kama mwezi 15, na mwezi 3 na 4 ni kama mwezi 17 na 18.

Sasa angalieni mnalala wapi:

Mkilala Pangani au Ushongo usiku wa kuamkia safari, chukueni mwezi 14, 15 au 16, au mwezi 1 na 2. Mtaondoka mapema, bahari ikiwa bado imetulia.

Mkitoka Tanga mjini asubuhi hiyohiyo, chukueni mwezi 17 au 18, au mwezi 3 na 4. Siku hizo zinawapa muda wa barabara na kivuko bila kukimbizana. Anayetoka Tanga mwezi 14 atafika kisiwani maji yakikaribia kurudi.

Siku za maji mafu zikwepeni. Asubuhi mtakuta maji yamejaa na mchanga uliobaki ni mdogo, na yakija kupwa jua limeshapungua na nahodha anataka kurudi nyumbani.

Kama tarehe nzuri inaangukia katikati ya wiki, ombeni ruhusa kazini. Kisiwa cha Jumatano mnaweza kukipata peke yenu. Jumapili ya mwezi mpevu mtakikuta na boti nyingine, na utulivu mlioufuata haupo.

Onyo: saa nilizotaja ni za kupangia tu. Mkishapata siku, mthibitishie nahodha saa ya kupwa. Yeye anaijua kuliko kalenda yoyote.

Hatua ya 2: Pimeni upepo

Mwezi ukishakubali, upepo nao lazima ukubali. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba hivi, na miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa na nguvu. Bahari inainuka, maji yanachafuka, na chini hamuoni samaki. Machi hadi Mei ni masika. Miezi ninayowapendekezea wanaokwenda mara ya kwanza ni Oktoba na Novemba, wakati wa tanga mbili, kusi limekufa na kaskazi halijashika. Desemba hadi Februari panafaa pia, ila kaskazi huongezeka mchana, kwa hiyo kurudi kwenu kutakuwa na mawimbi zaidi ya kwenda.

Jioni ya kuamkia safari, tazameni utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ukitaja upepo mkali au mawimbi makubwa, ahirisheni. Na nahodha akisema hatoki, msimbembeleze wala msimwongezee pesa ili atoke. Huyo ndiye nahodha wa kumrudia mwezi ujao.

Hatua ya 3: Zungumzeni na nahodha siku kadhaa kabla

Boti inaweza kutoka Pangani mjini, ikashuka mtoni hadi baharini, au ikatoka Ushongo. Kwa mara ya kwanza nashauri Ushongo. Ni karibu zaidi na kisiwa, na mnakwepa mlango wa mto, mahali ambapo maji ya mto yakitoka yanapambana na mawimbi na boti inarukaruka hata siku ya shwari. Ubaya wa Ushongo ni kwamba lazima mvuke mto kwa kivuko na kushika barabara ya ng'ambo. Kwa wengi hilo ni sehemu ya raha yenyewe.

Mazungumzo na nahodha yawe hivi, yasipungue hapo:

"Shikamoo nahodha. Tuko wawili, tunataka Maziwe mwezi 17. Maji yanapwa saa ngapi siku hiyo?"

"Marahaba. Yanapwa saa 6. Mje tung'oe nanga saa 3."

"Boti ni ya namna gani, na injini ipo?"

"Mashua ya injini, na tanga lipo."

"Bei ni ya boti nzima au ya kichwa? Mafuta na kiingilio vimo? Mtatungoja mpaka saa ngapi? Jaketi okozi ziko ngapi?"

Maswali hayo ya mwisho ndiyo yanayoleta ugomvi yasipoulizwa. Bei ya boti kwa kawaida ni ya chombo kizima, iwe mko wawili au wanane, ndiyo maana watu wawili huona ghali. Mkitaka kupunguza, mwambieni nahodha au ofisi ya utalii iwaunganishe na wengine wanaokwenda siku hiyohiyo. Lakini amueni wenyewe kwanza, na muamue nyumbani: mnataka kuokoa pesa au mnataka kuwa peke yenu? Msianze kubishana ufukweni mbele ya watu.

Jaketi okozi iwe moja kwa kila mtu, na mzione kabla ya kupanda. Kuambiwa "zipo" hakutoshi. Ngalawa ya tanga ni nzuri na haina kelele, lakini inategemea upepo. Kwa safari ya kwenda na kurudi siku moja, chukueni yenye injini.

Malizeni kwa kutoa kitangulizi kidogo kwa simu na kuhifadhi ujumbe wa malipo. Salio lilipwe mkirudi nchi kavu.

Hatua ya 4: Kiingilio cha hifadhi

Maziwe ni eneo tengefu chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, kwa hiyo kuna kiingilio. Hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroli namba, kupitia simu au benki. Nahodha au hoteli huwasaidia kuipata. Lipeni siku moja kabla na mtunze risiti kwenye simu. Msimpe mtu taslimu ufukweni kwa ahadi kwamba "atawalipia baadaye".

Hatua ya 5: Asubuhi ya safari, Tanga hadi Bweni

Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50. Jioni ya kabla, ulizieni gari la kwanza la Pangani linatoka wapi na saa ngapi, na mlale mmeshafunga ndoo. Ratiba ya mwezi 17 iwe hivi: Tanga mjini mtoke saa 11:30 alfajiri, Pangani mfike saa 1:30, kivuko saa 2, Ushongo kabla ya saa 3.

Pangani mjini nunueni chakula. Sokoni na kando ya barabara asubuhi hapakosi chapati, vitumbua, mihogo na samaki wa kukaanga. Chukueni samaki aliyekauka vizuri, chapati, mayai ya kuchemsha, na machungwa ya Muheza kama ni msimu wake. Wali wa nazi uacheni, utachacha kabla ya saa 6. Vitumbua vileni palepale vikiwa vya moto.

Kisha teremkeni kwenye kivuko. Mto Pangani hapo ni mpana, maji ya udongo, na ng'ambo ni Bweni chini ya kilima cha minazi. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kinachochukua muda ni kungoja kivuko kijae magari au kirudi kutoka ng'ambo, kwa hiyo hesabuni nusu saa. Mambo matatu hapa:

Ngazi ya zege ina utelezi maji yanapopwa, kwa sababu ya mwani wa kijani. Shikaneni mikono, hakuna atakayewashangaa.

Simameni pembeni, msikae kati ya magari, na msishuke mpaka mlango umelala kabisa.

Vaeni kwa heshima. Pangani, Bweni na Ushongo ni miji na vijiji vya Waislamu, na watu watawapokea vizuri sana mkijistiri. Nguo za kuogelea ziwe chini ya kanga na shati mpaka mpande boti. Kukumbatiana na kupigana busu kusubiri kisiwani. Ukiwa mwezi wa Ramadhani, msile wala kunywa hadharani.

Siku mtakayokwenda mkikuta daraja jipya la Pangani linapitisha watu, piteni juu yake. Saa nyingine zote zinabaki zilezile.

Bweni mtawakuta vijana wa bodaboda. Ushongo ni kama kilomita 15. Patana nauli ya kwenda na kurudi, chukua namba ya simu ya dereva, mwambie akufuate saa 9:30 alasiri. Atakayeshusha watu na kuondoka bila kuacha namba atawaacha mkitembea na jua la alasiri. Dereva mmoja kwa abiria mmoja; wawili juu ya pikipiki moja na ndoo kwenye njia ya mchanga ni kuanguka.

Hatua ya 6: Kupanda boti

Nendeni chooni Ushongo. Narudia kwa sababu swali hili linaulizwa kuliko yote: kisiwani hakuna choo, wala kichaka cha kujificha.

Anayelewa bahari ameze dawa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kupanda, ale kidogo, asiende na tumbo tupu. Akae katikati ya boti karibu na nyuma, ambako mruko ni mdogo, na atazame mstari wa upeo wa bahari. Asitazame simu. Mafuta ya jua mpakane sasa, si mkifika. Yakishashika ngozi maji hayayaoshi haraka, na mafuta yanayoelea hayafai kwa matumbawe.

Jaketi mvae tangu ufukweni hadi ufukweni. Mjamzito asipande boti ndogo bila kuuliza daktari wake. Mshtuko wa mawimbi ni mwingi.

Njiani kuweni na macho. Pomboo huonekana katika maji ya Pangani, na wakitokea, mwombeni nahodha apunguze mwendo na asiwakimbize.

Hatua ya 7: Kisiwani

Mtakuwa na saa 4 hivi. Zitumieni kwa kufuata maji.

Mkishuka, kwanza jengeni kivuli. Chimbieni fimbo ndani hadi mkono ufike kwenye mchanga wenye unyevu, kisha funga kamba za turubai kwenye ndoo iliyojazwa mchanga na kwenye nanga ya boti mkiruhusiwa. Upande wa upepo uwe chini, upande wa pili juu. Kivuli kiwe sehemu ya juu kabisa ya mchanga, mwulizeni nahodha ni wapi. Bila kivuli, saa mbili za jua linalopiga juu na kurudi kutoka kwenye mchanga mweupe zinatosha kuwaharibia siku mbili zinazofuata.

Saa ya kuzamia ni nusu saa kabla na nusu saa baada ya maji kupwa kabisa. Wakati huo maji yamesimama, hayavuti upande wowote. Mapema zaidi au baadaye zaidi mkondo unavuta pembeni mwa matumbawe, na mtu anayetazama samaki haoni kwamba amesogea. Kwa mwezi 17, hiyo ni saa 5:30 hadi 6:30. Kabla ya hapo tembeeni, kaeni, mle, muongee.

Mkiingia majini, ingieni pamoja na mkae mahali mnapoweza kugusana. Mmoja asiyejua kuogelea abaki na jaketi, kwenye upande wa kina kifupi ambao nahodha atauonyesha. Akilala kifudifudi na miwani ataona mengi bila kwenda mbali. Miguu isiguse matumbawe. Ni viumbe hai, vinavunjika kwa kukanyagwa tu, na pwani hii ya Tanga imeshaumia vya kutosha kwa uvuvi wa baruti. Mkitembea kwenye mchanga wenye maji, buruteni miguu badala ya kuinua. Samaki aitwaye taa, anayelala mchangani, akisikia mtikisiko huondoka, akikanyagwa huchoma.

Makombe na simbi viacheni vilipo. Kuokota ni kosa ndani ya eneo tengefu, hata kigamba kimoja cha kumpelekea mama.

Mkiona mistari mipana mchangani kama gurudumu la trekta limepita kutoka majini, hiyo ni njia ya kasa aliyepanda kutaga. Msichimbe, msikanyage, mwiteni nahodha. Mayai yanayobaki Maziwe huzama bamvua ikijaa, ndiyo maana yamekuwa yakihamishwa na kufukiwa upya kwenye ufukwe wa Ushongo hadi yaanguliwe, baada ya siku 60 hivi. Ulizeni Ushongo kama kuna kiota kinachokaribia. Watoto wa kasa mara nyingi huachiwa alasiri, na hiyo ni sababu nzuri ya kulala huko badala ya kuwahi kivuko.

Kuhusu faragha: nahodha na baharia wake wako hapohapo. Mkiwaomba kwa adabu, watasogea na boti upande wa pili. Wapeni chakula kwanza. Kwetu mtu hali peke yake mwenzake anatazama, na hamtajuta: nahodha aliyekaribishwa atawaonyesha mahali pa samaki ambapo hakupanga kuwapeleka.

Hatua ya 8: Kuondoka

Hii ni hatua ya kufuatwa kwa saa. Maji yakishapwa huanza kurudi polepole sana, saa ya kwanza hamuoni tofauti. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia. Kwa hiyo yakipwa saa 6, mwe ndani ya boti ifikapo saa 8:30 mchana. Nahodha akiita mapema kuliko hapo, mfuateni bila kujadiliana. Kivuli kivunjwe nusu saa kabla, takataka zote ndani ya ndoo, hadi maganda ya machungwa na ya mayai.

Ushongo mtafika saa 9:30 hivi. Ogeni maji baridi, vaeni nguo kavu, mlipe salio, muwahi kivuko saa 10:30.

Mambo yakienda kombo

*Kivuko kimesimama.* Hutokea, kwa matengenezo au kwa maji. Ulizeni kama boti ndogo zinavusha abiria, na mpande ile tu yenye jaketi. Kama hakuna kinachovuka asubuhi, mpigieni nahodha: anaweza kuwafuata Pangani mjini. Mafuta yataongezeka, patana kwa simu kabla hajatoka.

*Nahodha anabadilisha bei ufukweni.* Mwonyesheni ujumbe wa kitangulizi, msemeshe kwa upole, mkamwite mzee aliye karibu asikilize. Akishikilia, rudini. Boti nyingine zipo.

*Mmoja amelewa bahari.* Mlazeni katikati ya boti, macho yafumbwe, kitambaa chenye maji usoni, anywe maji kwa mafunda madogo au atafune tangawizi. Kisiwani atapona dakika chache baada ya kukanyaga mchanga. Kwa kurudi ameze dawa tena ikiwa maelezo ya pakiti yanaruhusu.

*Miiba ya yule mnyama mweusi wa duara, mwenye miiba mwili mzima, anayekaa kwenye miamba imeingia mguuni.* Toeni inayoonekana kwa kibano, msichimbe iliyozama. Mkifika nchi kavu loweka mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika, nusu saa hadi saa moja na nusu. Ikiwa imeingia kwenye kiungo au mguu unavimba, nendeni hospitali ya Pangani. Taa akichoma, maji ya moto vivyo hivyo, na hospitali moja kwa moja.

*Yavuyavu, mnyama wa baharini mlaini kama jeli, amegusa ngozi.* Osheni kwa maji ya bahari, si ya kunywa. Msisugue na mchanga.

*Injini imezima.* Kaeni chini, jaketi zimefungwa, msihamehame. Nahodha atatweka tanga au atatia nanga na kupiga simu. Ndiyo maana nilisema muulize kama tanga lipo, na muwaachie watu wa nyumbani jina la nahodha, namba yake na saa mnayotarajia kurudi.

*Mvua imewakuta kisiwani.* Mvua tupu haina shida. Mkisikia radi, ondokeni. Pale ninyi ndio kitu kirefu kuliko vyote.

*Gari la mwisho la Tanga limeondoka.* Pangani mjini zipo nyumba za wageni za bei nafuu. Mkitaka kulala chumba kimoja, kuweni na vitambulisho. Baadhi ya nyumba huuliza na kuandika majina. Asubuhi gari la kwanza litawafikisha Tanga mapema.

*Siku yote imeharibika kwa upepo na mko Pangani tayari.* Msilazimishe bahari. Wekeni nahodha kwa mwezi unaofuata, kisha mchukue boti ndogo kupanda mto Pangani kwenye mikoko na minazi, ambako maji hayana mawimbi. Kitangulizi chenu mwombeni nahodha akihamishie tarehe mpya, na mwezi 17 mwingine muwe mmeshauzungushia kalamu kwenye kalenda.